Namba Hazidanganyi? Kamuulize Namba Sita

Jioni moja mechi ilipokwisha Uwanja wa Jamhuri, vumbi la Dodoma likiwa halijatua bado, nilisimama kijiweni kwa bodaboda nikisubiri umati upungue. Dogo mmoja akanisogezea simu. Kwenye kioo palikuwa na picha za wachezaji wawili bega kwa bega, mmoja mshambuliaji, mwingine kiungo mkabaji, na chini yao safu mbili za tarakimu: mechi, mabao, pasi za mabao. Safu ya mshambuliaji ilinona. Ya kiungo ilikuwa na sifuri, na moja, na kadi za njano.

"Mzee wangu, mimi sibishani na mtu siku hizi," akaniambia. "Namba hazidanganyi."

Wenzake wakacheka, mjadala ukafungwa, mmoja akapata abiria wa Nkuhungu akawasha pikipiki.

Kauli hiyo imegeuka hukumu isiyo na rufaa. Unaisikia redioni asubuhi wachambuzi wakinyang'anyana maneno, unaisikia kwenye vibandaumiza vya Chang'ombe, unaisikia hata kwa kinyozi. Mtu akishaitoa, anayeendelea kubisha anaonekana mshamba. Basi na nikubali ushamba wangu mapema. Takwimu zinapotumika kuwapambanisha wachezaji wa nafasi tofauti, zinadanganya, tena zinadanganya vibaya kuliko mdomo wa shabiki, maana shabiki tunamjua ni shabiki. Tarakimu huja na sura ya hakimu.

Cha ajabu, Kiswahili chetu kilishatuonya. Kabla hatujauliza mchezaji ana namba gani, huwa tunauliza anacheza namba ngapi. Namba mbili ni beki wa kulia hata kama mgongoni kaandikwa 33. Namba tano ni beki wa kati, namba sita ni yule anayekaa mbele yake akichunga mlango, namba kumi ni fundi anayepika mabao. Kwa sisi tulioanza kwenda uwanjani kabla ya simu, namba ni kazi. Vijana wamelichukua neno hilohilo wakalipa maana ya hesabu, kisha wakasahau kwamba maana ya kwanza ndiyo inayoiamua ya pili. Namba tisa anafunga, pamoja na ustadi wake wote, kwa sababu kapangwa asimame pale mabao yanapopatikana. Mpishi na mlinzi wa geti wa hoteli moja ukiwapima kwa idadi ya sahani walizopakua, mlinzi atapata sifuri, na wewe utalala ukidhani umegundua kitu.

Nimemtazama namba sita kwa miaka mingi, na ninakiri ni mtu mgumu kumtazama, kwa sababu kazi yake kubwa ni kufanya mambo yasitokee. Chukua tukio la kawaida kabisa. Beki wa kulia kapanda mpaka karibu na kibendera cha kona. Uwanja mzima tunamwangalia yeye, tunasubiri krosi. Namba sita kageuza shingo. Kaangalia nyuma, kaona winga wa wapinzani amebaki juu peke yake, akatembea, wala hakukimbia, hatua kumi na tano kuelekea kulia. Krosi ikaokolewa. Kiungo wa wapinzani akainua kichwa ampasie winga wake, akamwona namba sita kasimama katikati ya njia, akaurudisha mpira kwa kipa.

Hapo karani wa takwimu hana la kuandika. Hakuna pasi iliyokatwa, hakuna aliyenyang'anywa, hakuna rafu. Akijitahidi sana, atamwandikia yule kiungo wa upande wa pili pasi moja sahihi. Lakini hatua kumi na tano zile zisingekuwepo, watu watatu walikuwa wanashuka kwa mabeki wawili, na jioni yake sote tungekuwa tunamlaani kipa.

Mkasa hauishii hapo. Siku namba sita akichelewa, akalazimika kuteleza miguuni mwa mtu, ndipo anapoonekana kwenye karatasi: kanyang'anya mpira mara moja, kacheza rafu mara mbili, kala kadi. Yaani chombo cha kuhesabu kinamsajili anaporekebisha kosa na kinamsahau anapolizuia lisizaliwe. Kiungo mkabaji anayeongoza kwa kuteleza chini anaweza kuwa hodari, na anaweza pia kuwa mtu anayefika kila mahali akiwa kachelewa. Idadi peke yake haiwezi kukwambia yupo upande upi.

Mashabiki wa Dodoma Jiji wanaiita timu yao Walima Zabibu, kwa hiyo na niwapeleke shambani. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na huvunwa mara mbili kwa sababu kuna mtu aliupogolea mara mbili. Huyo mtu anapita na mkasi, anaangalia tawi, anaamua jicho lipi libaki na lipi liondoke, na akiondoka shamba linaonekana kama limepigwa na janga. Miezi kadhaa baadaye wanakuja wavunaji na kreti zao. Kreti zinahesabika, na hesabu yake ni halali. Alama pekee aliyoiacha mpogoleaji ni rundo la vijiti vikavu pembeni mwa shamba, ambavyo mama mmoja amekwisha kuvibeba kuni. Ukimsikia mtu anasema mvunaji ana kreti arobaini na mpogoleaji hana hata moja, kwa hiyo mvunaji ndiye mkulima bora, utamuuliza kama ameanza kuonja mvinyo asubuhi.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu lenye nguvu: mpira ni mabao. Timu haipewi pointi kwa hatua kumi na tano za mtu anayetembea. Ni kweli. Lakini wenye hoja hiyo wanaifikisha nusu ya njia. Pointi hutolewa kwa tofauti ya mabao ya kufunga na ya kufungwa, na bao lililozuiwa lina uzito uleule wa bao lililofungwa. Tatizo ni kwamba la kwanza lina jina la mtu na dakika kwenye ripoti ya mwamuzi, na la pili halina jina, halina dakika, wala halijawahi kutokea.

Ligi yetu yenyewe ilishawahi kulitambua hilo, kwa ujasiri. Msimu wa 2021/22 Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja kati ya 30. Ufungaji bora haukwenda kwao: George Mpole wa Geita Gold alimaliza na mabao 17, Fiston Mayele wa Yanga 16. Ilipofika tuzo ya mchezaji bora wa ligi, haikumwendea Mpole wala Mayele. Alipewa Yannick Bangala, Mkongo aliyekuwa akicheza namba sita na, mambo yakiharibika nyuma, anarudi kuwa beki wa kati. Nakumbuka manung'uniko ya vijiweni: kafunga mangapi huyo? Hilo swali ndilo ugonjwa wenyewe ninaouzungumzia. Misimu miwili iliyofuata tuzo ilirudi kwa wenye mabao, kwa Mayele na kisha kwa Stephane Aziz Ki, nami siwanyimi haki yao. Ninachosema ni kwamba yule aliyempigia kura Bangala alikuwa ameangalia mechi, na yule aliyeuliza kafunga mangapi alikuwa ameangalia simu.

Hebu tuuangalie huo msimu wa 2022/23, maana ndani yake kuna somo zima. Mayele, mshambuliaji wa kati, na Saido Ntibazonkiza wa Simba, kiungo mshambuliaji, walimaliza sawa, mabao 17 kwa 17. Kwenye safu mbili za simu ni watu wawili waliofanana. Ila 5 kati ya mabao ya Saido yalipatikana siku moja, katika wiki za mwisho za ligi, Simba ilipoifunga Polisi Tanzania 6-1, na Polisi Tanzania ilishuka daraja msimu huohuo. Mayele naye msimu uleule alikuwa na mzigo mwingine usiomo kwenye ile safu: mabao 7 ya Kombe la Shirikisho Afrika, yaliyomfanya mfungaji bora wa michuano ambayo Yanga walifika fainali dhidi ya USM Alger. Sitafuti kumshusha Saido, ambaye mguu wake ulikuwa na akili kuliko wengi. Ninaonyesha tu kwamba 17 na 17 si sentensi mbili zenye maana moja.

Kisha akaja Aziz Ki, kiungo, akafunga mabao 21 msimu wa 2023/24, na baada yake Jean Charles Ahoua wa Simba, kiungo pia, akaongoza kwa mabao 16 msimu wa 2024/25. Wale wa namba hazidanganyi wakatoa tamko: washambuliaji wetu wa kati wameisha, viungo wanawaaibisha. Tamko la haraka. Kwenye timu nyingi za siku hizi namba tisa hupewa kazi ya kuvuta mabeki wawili kwenda nguzo ya karibu, ili mtu wa nyuma yake aingie kwenye pengo. Akilitekeleza hilo vizuri, bao linaandikwa kwa mwingine, na pasi ya bao inaandikwa kwa mwingine pia. Ongeza penalti. Duniani kote takriban penalti tatu kati ya nne huingia, na anayezipiga ni mtu aliyeteuliwa na kocha, mara nyingi kiungo fundi. Hapo unapima mbio za watu wawili huku mmoja kapewa lifti ya bodaboda mpaka Makole.

Kwa makipa mambo ni mabaya zaidi, ingawa wao wanalinganishwa na wenzao. Kipimo cha mechi bila kuruhusu bao kinampa mtu mmoja jasho la watu kumi na mmoja. Msimu wa 2023/24 Ley Matampi wa Coastal Union alimpiku Djigui Diarra wa Yanga katika kipimo hicho, na mitandao ikawaka moto kana kwamba kuna aliyeiba kura. Mimi nilifurahi, kwa sababu Coastal walimaliza wa nne, na kipa wa timu isiyomiliki mpira muda wote hapati karatasi safi bila kuruka. Ila hata furaha yangu ina walakini. Huwezi kujua Matampi aliokoa mangapi na mabeki wake walimfichia mangapi mpaka ukae uziangalie mechi zenyewe.

Wapo wanaoona dawa ni kuhesabu zaidi: tuongeze mipira iliyoondoshwa, mipira ya kichwa, mapambano ya ana kwa ana, kilomita alizokimbia mtu. Sikatai kuongeza. Ila fikiria beki wa kati wa Dodoma Jiji anayecheza na Yanga. Mpira unashinda kwenye eneo lake dakika sitini kati ya tisini. Ataondosha mipira mingi apende asipende. Beki wa Yanga upande wa pili kasimama kwenye mstari wa kati anagusa mpira kwa starehe. Safu ya simu itasema wa Dodoma kamzidi mwenzake mara nne. Kumzidi nini? Kamzidi kushambuliwa. Tumehesabu mvua iliyomnyeshea, tukaiita ustadi wa kuoga.

Wenzetu wa raga wana kesi hiyohiyo, tena wameikalia kwa muda mrefu. Kule Australia na kaskazini mwa Uingereza wanacheza raga ya wachezaji 13, ambayo timu yenye mpira hukabwa mara sita tu kisha inautoa. Miamba wa mstari wa mbele wanautumia ukabaji wa kwanza na wa pili kujitupa kwenye ukuta wa watu wapate mita chache za damu. Winga anausubiri mpira pembeni, na ukimfikia anaweza kupata mita thelathini kwenye nyasi tupu. Wanaosimama katikati wanakaba mara nyingi kwa sababu katikati ndiko wapinzani wanakopita. Ukiwapanga wote kwenye orodha moja ya mita au ya ukabaji, umechora ramani ya mahali walipokuwa wamesimama.

Jirani zetu Wakenya wanayo hadithi tamu zaidi, ya ndugu wawili wa tumbo moja. Collins Injera wa raga ya wachezaji saba alikuwa mashine ya trai: mwaka 2016 jijini London alimpita Muajentina Santiago Gómez Cora, aliyekuwa na rekodi ya trai 230 katika mfululizo wa dunia. Kaka yake, Humphrey Kayange, hakuwahi kuikaribia idadi hiyo. Lakini katika raga ya saba timu iliyofunga ndiyo inayoupiga mpira wa kuanzisha upya, na Kayange alisifika kwa kuruka na kuupokonya angani kabla wapinzani hawajaugusa. Maana yake ni kwamba Kenya inafunga, inapiga, na inaupata tena. Adui anabaki kuwa mtazamaji mwenye jezi. Mwaka 2021 Kayange akawa Mkenya wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la raga ya dunia. Mwenye trai nyingi alikuwa bado hajaitwa. Nimpe nini zaidi mbishi wangu wa kijiweni? Damu ileile, timu ileile, na waliokaa kupima wakaanza na yule ambaye safu yake ni fupi.

Na kwenye soka yupo Claude Makelele, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye kwa Kiswahili jina lake ni fujo tupu ilhali uwanjani hakuwa na kelele hata chembe. Mwaka 2003 Real Madrid walimwachia aende Chelsea, kiangazi kilekile walichomleta David Beckham. Ulikuwa uamuzi wa watu wanaosoma safu: huyu ana krosi na mipira ya adhabu, yule hana kitu. Madrid walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa Hispania. Hawakuuona tena mpaka 2007. Chelsea msimu wa 2004/05 waliruhusu mabao 15 tu katika mechi 38 wakabeba kombe la Uingereza. Makelele alikaa pale miaka mitano akafunga mabao mawili. Sisemi yote hayo ni yeye; walikuwapo Petr Čech, John Terry na José Mourinho. Nasema mabao mawili kwa miaka mitano ni tarakimu ambayo kijiwe chetu kingeicheka.

Sasa niwageukie wale wanaonipigia makofi kwa sababu zisizo sahihi. Wapo wazee wenzangu wanaosema takwimu ni upuuzi wa vijana, mpira unaonwa kwa jicho. Jicho nalo ni shabiki, wazee wangu. Jicho humpenda mwenye nywele za rangi na chenga tatu palipotosha moja. Takwimu zina kazi kubwa zikiwekwa mahali pake, yaani namba kwa namba: tisa kwa tisa, sita kwa sita, kwa dakika walizocheza na kwa aina ya timu waliyomo. Msimu wa mechi 30 una dakika 2,700. Aliyezicheza zote akafunga mabao 10 amefunga moja kila dakika 270. Aliyeingia kama sabu, akakusanya dakika 900 na mabao 6, amefunga moja kila dakika 150. Jicho lingekwambia wa kwanza ndiye mkali, na takwimu ingekurekebisha, nami ningeipigia saluti. Hao wawili wanafanya kazi moja. Waulizwe swali moja.

Hasira yangu inatokana na nini, mzee mzima kugombana kuhusu picha za simu? Nenda kwenye viwanja vya vumbi vya Ipagala au Nzuguni jioni, waulize watoto wanacheza namba ngapi. Utapata mawinga, utapata namba kumi za kutosha kuanzisha ligi, utapata tisa wawili watatu. Sita anakuwa yule aliyechelewa kufika. Mtoto ana akili. Ameona nani anawekwa kwenye picha. Namfahamu pia beki mmoja, simtaji yeye wala klabu yake, aliyeketi kujadili mkataba mpya akaulizwa mchango wake kwenye mabao. Mwaka mzima alikuwa amewafanya washambuliaji wa watu waonekane wavivu. Akatoka pale akaanza kupanda kwenye kila kona, akatafuta vichwa, akafunga viwili, na nyuma yake mlango ukawa wazi kama geti la shule siku ya mahafali. Mikeka nayo imechangia: mtu aliyeweka hela yake kwa "fulani atafunga" hana muda na aliyemkabidhi fulani huo mpira.

Yule dogo wa bodaboda nilimpa kazi. Nilimwambia, mwanangu, mechi ijayo usiuangalie mpira. Mchague namba sita wa timu yako, mng'ang'anie dakika tisini kama umemkopesha hela, kisha tuonane hapahapa. Akasema hiyo ni adhabu, lakini kwa heshima yangu atajaribu.

Tulipoonana aliniamkia, akakiri kwamba hakufika tisini. Dakika ya thelathini shingo ilimuuma, akanunua karanga, bao likaingia hajui limepitia wapi. Simu haikutoka mfukoni safari hii. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kama mtu aliyedhulumiwa:

"Mzee, mbona yule jamaa muda wote anawaonyesha wenzake kwa mkono? Anawaonyesha nini?"

Nikapanda pikipiki yake, nikaanza kumweleza tangu hapo Jamhuri, na tulipofika kwangu Area C nilikuwa bado sijafika kipindi cha pili.